Kipima-mwangwi na Bondo la Sangara: Namna ya Kuchagua Chombo cha Kutafutia Samaki kwa Mtumbwi Mdogo

Wachimbaji wadogo wa dhahabu katika ukanda wa Geita na Shinyanga wanakifahamu vyema kile kifaa cha kutambulia metali kinachopitishwa juu ya ardhi kikaashiria kwa mlio. Wanaufahamu vilevile udhaifu wake. Kifaa hicho hulia kinapokutana na punje ya dhahabu, na hulia pia kinapokutana na msumari ulioliwa na kutu. Kwa hiyo mchimbaji mwenye uzoefu hakimbilii kuchimba kila mahali panapolia. Anajua kwamba chombo chake hakipimi dhahabu, bali hupima metali, na kwamba kazi ya kutofautisha imebaki mikononi mwake.

Fundisho hilo yafaa lisafiri kilomita chache kuelekea kaskazini, hadi kwenye mialo ya Nkome, Nungwe na Chato, ambako ardhi ya Geita hukutana na maji ya Ziwa Victoria. Huko nako chombo cha namna hiyo kimekwisha kuwafikia wavuvi: kifaa kidogo chenye kioo, ambacho hutangazwa kuwa “humwonyesha mvuvi samaki walipo”. Wapo wanaokitaka kwa mitumbwi ya makasia, na wapo wanaokitaka kwa kayaki, yaani ule mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja ambao asili yake ni kwa watu wa nchi za baridi za Aktiki. Bei yake si ndogo kwa mvuvi mdogo. Hapana budi, basi, kabla ya kuuliza kipi ni bora, tuulize kama aulizavyo mchimbaji: chombo hiki kinapima nini hasa?

Katika makala haya tutakiita kipima-mwangwi, kwa sababu jina hilo husema kweli kuhusu kazi yake.

Kengele katika Ziwa Geneva

Sauti husafiri katika maji upesi zaidi kuliko katika hewa. Jambo hili lilipimwa kwa makini mwaka 1826 katika Ziwa Geneva, huko Uswisi, na Jean-Daniel Colladon pamoja na mwenzake Charles Sturm. Mashua mbili zilitengana kwa umbali wa kilomita 13 na zaidi. Katika mashua moja kengele iliyozamishwa majini iligongwa, na wakati uleule baruti ikawashwa ili mwako wake uonekane usiku. Katika mashua ya pili msikilizaji alitia majini bomba refu, akahesabu sekunde zilizopita baina ya kuuona mwako na kuisikia kengele. Zilikuwa zaidi kidogo ya 9. Kwa hesabu hiyo walipata mwendo wa mita 1,435 kwa sekunde katika maji yenye joto la nyuzi 8 hivi za Selsiasi.

Maji ya Ziwa Victoria yana joto zaidi, nayo sauti huenda kasi zaidi katika maji ya joto. Katika nyuzi 25, sauti hupita mita 1,497 hivi kila sekunde katika maji yasiyo na chumvi. Kwa hesabu za shuleni twaweza kutumia 1,500 bila hofu, maana kosa lake ni sehemu 2 tu katika 1,000.

Majaribio ya kuitumia sauti kutafuta vitu vilivyofichika majini yalishika kasi baada ya meli ya Titanic kuzama mwaka 1912, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza mwanafizikia Mfaransa Paul Langevin alitumia fuwele za kwatsi kutoa na kupokea mlio chini ya maji. Fuwele hizo zina tabia iliyogunduliwa na ndugu wawili wa ukoo wa Curie mwaka 1880: zikibanwa hutoa umeme, na zikipewa umeme hutetemeka. Mwaka 1948 ndugu wa ukoo wa Furuno huko Nagasaki, Japani, walianza kuuza vipima-mwangwi vilivyotengenezwa kwa ajili ya wavuvi.

Kifaa cha leo hufuata kanuni ileile. Chini ya mtumbwi hutundikwa kipande kidogo kiitwacho transdusa, ambacho ndani yake mna kidonge cha kauri kinachotetemeka. Transdusa hutoa mlio mfupi sana, hunyamaza, kisha husikiliza. Mlio hushuka, hugonga sakafu ya ziwa, na mwangwi hurudi. Iwapo mwangwi umerudi baada ya sekunde 0.02, sauti imekwenda mita 30, yaani 15 za kushuka na 15 za kupanda. Kina basi ni mita 15. Sikio la binadamu halisikii chochote, kwa kuwa mlio wenyewe una mitetemo mingi mno: aghalabu 200,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 200, au 83,000, yaani kilohezi 83. Sikio letu hukomea kwenye 20,000 hivi.

Kinachoonekana ni hewa

Sasa twafika kwenye kiini cha jambo. Mwangwi hutokea pale sauti inapotoka katika kitu kimoja na kukutana na kitu kingine kilicho tofauti nacho. Wanafizikia hukadiria tofauti hiyo kwa kuzidisha densiti ya kitu kwa mwendo wa sauti ndani yake. Nyama ya samaki imekaribiana mno na maji kwa kipimo hicho. Ndiyo sababu, katika kila sehemu 1,000 za nguvu ya sauti inayoigonga nyama, ni sehemu 2 hivi tu zinazorudi. Zilizobaki hupita kana kwamba hapakuwa na kitu.

Lakini hewa ni tofauti kabisa na maji. Sauti inayotoka majini na kukutana na hewa hurudishwa karibu yote: sehemu 999 katika 1,000. Na samaki wengi wamebeba hewa matumboni mwao, katika kibofu kinachowasaidia kuelea bila kuchoka.

Wakazi wa kandokando ya ziwa hawahitaji kuelezwa kibofu hicho ni nini. Ndilo bondo. Bondo la sangara hutolewa, hukaushwa na kusafirishwa hadi China, na thamani yake kwa kilo huishinda mbali thamani ya minofu ya samaki yuleyule. Kiungo kinachompa mfanyabiashara faida ndicho hicho hicho kinachokipa kipima-mwangwi ishara. Mwaka 1980 mtaalamu Kenneth Foote alionyesha, kwa samaki wa bahari wa jamii ya chewa wa kaskazini, kwamba sehemu 90 hadi 95 katika 100 za mwangwi wa samaki hutoka kwenye kibofu cha hewa.

Basi kipima-mwangwi hakimwoni samaki. Husikia hewa iliyomo ndani yake. Mvuvi akilishika neno hilo moja, mambo mengine mengi yatajieleza yenyewe.

Mambo yanayodanganya

La kwanza, si kila hewa ni samaki. Katika Ziwa Victoria wamo viluwiluwi vya wadudu wale ambao, wakikomaa, huruka juu ya ziwa kwa mawingu makubwa yanayofanana na moshi. Viluwiluwi vya jamii ya Chaoborus hujificha kwenye tope mchana na kupanda usiku, na kila kimoja kina vifuko vidogo vya hewa. Wakiwa wengi huchora kwenye kioo utando mnene ambao mtu mgeni atauita kundi la dagaa. Dagaa nao hupanda karibu na uso wa maji usiku, kwa hiyo makosa ni rahisi kufanyika. Mapovu ya gesi yanayotoka kwenye tope huleta udanganyifu wa namna hiyo hiyo.

La pili, si kila samaki ana hewa ya kutosha. Kambare ana kibofu kidogo sana kilichofunikwa na mfupa. Kambare mkubwa anaweza kutoa mwangwi hafifu kuliko samaki mdogo mwenye kibofu kamili.

La tatu, umbo la upinde kwenye kioo si umbo la samaki. Mlio wa transdusa hushuka ukipanuka kwa umbo la pia, mithili ya mwanga wa kurunzi. Samaki anapoingia ukingoni mwa mwale huo yuko mbali kidogo na transdusa. Akifika katikati yuko karibu zaidi, na akitoka anakuwa mbali tena. Kioo huandika umbali huo unaobadilika, na upinde hutokea. Upinde mrefu humaanisha kwamba samaki amekaa muda mrefu ndani ya mwale, na haumaanishi kwamba ni mrefu wa mwili. Mtumbwi ukisimama na samaki naye akatulia, utaona mstari usiokwisha, ingawa samaki ni mmoja.

La nne, vifaa vingi vina programu inayochora vijisamaki vya rangi kwenye kioo. Hiyo ni dhana ya mashine tu. Mwanafunzi wa sayansi yafaa aizime programu hiyo, asome mwangwi wenyewe.

Wataalamu wenyewe hawajiamini kwa mwangwi pekee. Tangu mwaka 1999 akiba ya samaki wa Ziwa Victoria imekuwa ikikadiriwa kwa sauti, na baadaye kazi hiyo ikaendelezwa kwa ushirikiano wa Tanzania, Kenya na Uganda. Meli ya utafiti hupita katika mistari iliyopangwa, huku kipima-mwangwi kilichosahihishwa kikiandika. Hata hivyo, hushusha pia wavu wa kukokota ili kujua mwangwi ule ni wa sangara, wa furu au wa dagaa. Sauti huhesabu, na wavu hutaja majina.

Kuchagua: mwale kwanza

Mnunuzi wengi hutazama kwanza ukubwa wa kioo. Afadhali watazame kwanza pembe ya mwale. Vifaa vya kawaida hutoa mwale mwembamba wa nyuzi 20 hivi katika kilohezi 200, au mwale mpana unaokaribia nyuzi 60 katika kilohezi 83. Tuseme kina ni mita 15. Mwale wa nyuzi 20 hufunika duara la sakafu lenye kipenyo cha mita 5.3. Mwale wa nyuzi 60 hufunika duara la mita 17.3.

Mtu atasema: mpana ni bora, kwani huona mengi. Lakini mpana una upofu wake. Mwangwi wa kwanza wa sakafu hurudi kutoka moja kwa moja chini ya mtumbwi, baada ya mita 15. Samaki aliye ukingoni mwa mwale, akiwa naye yuko umbali wa mita 15 kwa mshazari, mwangwi wake hurudi wakati uleule na kumezwa na mwangwi wa sakafu. Kwa mwale wa nyuzi 60, samaki wa ukingoni aliye chini ya mita 2 kutoka sakafuni hataonekana. Kwa mwale wa nyuzi 20, upofu huo ni sentimita 23 tu. Anayetafuta sangara walio kando ya miamba ya chini atafaidika na mwale mwembamba. Anayetafuta kundi la samaki katikati ya maji atafaidika na mpana. Kifaa chenye uwezo wa kubadilisha baina ya miwili hiyo kinastahili kufikiriwa kwanza.

Vipo pia vifaa ambavyo mlio wake hauko katika sauti moja, bali hupanda, mathalani kutoka kilohezi 150 hadi 200, kama filimbi inayopaa. Hivi hutenganisha vizuri zaidi samaki walio karibu karibu. Mlio wa kawaida wa sekunde 0.0001 huwaunganisha samaki wawili waliopishana kwa chini ya sentimita 7.5 za kina. Mlio unaopanda unaweza kuwatenganisha hata kwa sentimita 2 hivi.

Kina na nguvu

Matangazo hujivunia kina cha mita 300, 500 na hata zaidi. Ziwa Victoria, pamoja na upana wake wa kilomita za mraba 68,800, lina kina cha wastani cha mita 40 tu, na mahali pa kina kirefu kabisa ni mita 80 hivi. Mtu wa mtumbwi mdogo hapaswi kufika huko hata kidogo. Kulipia mita 500 ni kununua ngazi ya ghorofa kumi kwa nyumba isiyo na ghorofa.

Isitoshe, katika sehemu kubwa ya mwaka, kuanzia Septemba hivi hadi Aprili au Mei, maji ya ziwa hujipanga kwa matabaka, na yale ya chini kabisa ya sehemu za kina kirefu hupungukiwa oksijeni. Sangara havumilii upungufu huo. Katika Juni na Julai pepo za kusi huyachanganya maji tena. Mvuvi anayejua majira haya amekwisha kujua nusu ya kile atakachoonyeshwa na kifaa.

Kuhusu nguvu, jihadhari na namba za wati. Baadhi ya watengenezaji hutaja nguvu ya kilele baina ya ncha na ncha, ambayo ni mara 8 ya nguvu ya wastani. Kifaa cha wati 2,400 kwa hesabu hiyo ni sawa na kifaa cha wati 300 kwa hesabu ya pili. Linganisha namba za aina moja.

Kioo, umeme na maji

Jua la ikweta linapopiga, kioo cha rangi nzuri dukani huweza kuwa cheusi ziwani. Kijaribu nje ya duka. Hesabu pia nukta zake za wima. Kioo cha nukta 240 kikionyesha mita 20 za maji, kila nukta hubeba sentimita 8 hivi. Chenye nukta 480 hubeba sentimita 4.

Umeme hutoka kwenye betri ya volti 12. Wengi watafikiria betri ya pikipiki. Lakini zipo betri za pikipiki zenye asidi ya kumiminika, na mtumbwi mdogo huyumba. Chagua iliyofungwa kabisa. Betri ya ampea-saa 7 ikitoa nusu ampea ingedumu saa 14 kwa hesabu, ila betri ya risasi isitumiwe hadi kukauka: hesabu saa 7. Betri ya lithiamu ni nyepesi zaidi na huvumilia zaidi, ingawa ni ghali.

Kayaki hulowa daima. Tafuta alama ya IPX7, ambayo humaanisha kwamba kifaa kimejaribiwa kwa kuzamishwa katika mita 1 ya maji kwa dakika 30.

Mwisho ni namna ya kufunga transdusa, na hapa hewa inarudi kutusumbua. Kama maji na hewa hurudisha sehemu 999 katika 1,000, basi utando mwembamba wa hewa baina ya transdusa na ziwa huizima sauti kabisa. Katika kayaki ya plastiki nzima isiyo na uwazi ndani yake, transdusa inaweza kubandikwa ndani ya sakafu, mradi pasibaki povu hata moja, japo nguvu hupungua. Katika mtumbwi wa mbao njia hiyo haifai, kwa sababu mbao na pamba ya kuzibia nyufa zimejaa hewa. Hapo transdusa ifungwe kwenye mti ulioning'inizwa ubavuni, izame kabisa, mbali na mapovu ya kasia. Hewa ileile inayotufunulia sangara hutufunga macho ikikaa mahali pasipofaa.

Na mwanafunzi wa Shinyanga?

Shinyanga haina ziwa, ingawa maji ya Ziwa Victoria yamekuwa yakiifikia kwa bomba kutoka Ihelele tangu mwaka 2009. Ina malambo mengi, na watu huyavua. Je, wanunue kipima-mwangwi? Katika lambo la mita 2, mwale wa nyuzi 20 hufunika duara la sentimita 70 tu, na samaki mkuu wa humo aghalabu ni kambare, ambaye mwangwi wake ni hafifu. Jibu ni la wazi: mti wenye alama za kina, kamba yenye jiwe, na daftari la kuandikia vipimo vitafanya kazi bora kwa gharama ndogo. Sayansi si lazima iwe na betri.

Kisichopimwa

Sheria ya Tanzania hairuhusu kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50. Kipima-mwangwi hakiwezi kuipima sentimita hizo. Humwongoza mvuvi hadi kwa samaki, kisha kikamwacha na ndoana yake, rula yake na dhamiri yake. Sangara mchanga akirudishwa majini upesi, bado ana miaka ya kukua na kuzaa. Kifaa kinachorahisisha kupata samaki, kikiwa mikononi mwa wengi wasiopima, kitaharakisha siku ya kukosa samaki. Kadhalika maji ya Hifadhi ya Taifa ya Rubondo, iliyoanzishwa mwaka 1977, hayaingiliwi kwa kuvua bila kibali, hata kioo kikionyesha nini.

Wala kifaa hakipimi upepo. Dhoruba za Ziwa Victoria huja ghafla, na viboko na mamba hawachori upinde kabla ya kufika. Mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu, na anunue jaketi la kujiokolea. Kipima-mwangwi kitangoja msimu ujao.

Kazi kwa wanafunzi

1. Simama mita 85 kutoka ukuta mpana wa shule. Gonga mbao mbili, na uendelee kugonga ili kila mgongo ulingane na mwangwi wa uliotangulia. Pima muda wa migongo 20. Tafuta mwendo wa sauti katika hewa, kisha uulinganishe na ule wa majini.

2. Chora kwa skeli mwale wa nyuzi 20 na wa nyuzi 60 katika kina cha mita 10. Pima kipenyo cha duara la sakafu na urefu wa sehemu ya upofu katika kila mchoro.

3. Usiku, elekeza kurunzi sakafuni kutoka mita 1, kisha mita 2. Eneo la mwanga limeongezeka mara ngapi? Mwanga umepungua namna gani? Eleza kwa nini kina kikiongezeka mara 2, mwangwi wa samaki mmoja hupungua hadi sehemu moja ya 16.

4. Mfanyabiashara amekuletea kifaa “kinachoonyesha samaki hadi mita 500”. Andika maswali matano utakayomwuliza kabla ya kutoa fedha. La kwanza liwe: kinapima nini hasa?